Mke wa Magige

Mume wangu hakuzaliwa. Nalisema hili mapema ili nisiulizwe katikati ya maneno. Anaitwa Magige, nimekuwa mke wake tangu usichana wangu, na katika ndoa yetu yote hajanipiga, hajalewa, wala hajaniletea mke mwenza. Wanawake wenzangu wa hapa Susuni, Tarime, walikuwa wakinitania kisimani kwamba nimepata mume bora kuliko wao wote. Nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa asiyetujua sisi Wakurya, nieleze. Bibi Wankuru alifiwa na mumewe kabla hajapata mtoto. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na shamba, na mdomo alikuwa nao pia. Alichokosa ni mtoto wa kiume. Mwanamke wa namna hiyo kwetu hakai chini akalia. Anatoa ng'ombe zake anaoa. Anamwoa msichana kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa, mtoto huyo anapewa jina, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wajukuu wa yule mama. Nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Bibi Wankuru alimpa mwanawe jina la Magige, akavuka mpaka hadi kwetu Kehancha, upande wa Kenya, akanikuta napepeta ulezi, akasema huyu atanifaa. Ng'ombe zake zikavuka kwenda, mimi nikavuka kuja. Hakuna aliyeulizwa pasipoti, si mimi wala ng'ombe.

Nilimpenda yule mama. Alikuwa mkali, lakini nilipougua alinilisha uji kwa mkono wake. Mwanamume wa kunipa watoto alimchagua yeye mwenyewe, na jina la mtu yule halitajwi, maana kwa mila yetu aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Nikamzaa Evelina, ambaye sasa ameolewa Ringwani huko Serengeti, kisha nikamzaa Wiliam. Na jambo ambalo Bibi alinifundisha kuliko yote ni hili: mtu akikuuliza watoto hawa ni wa nani, usiseme ni wangu.

"Sema ni wa nyumba," aliniambia. "Ukisema ni wako, umeninyang'anya."

Nililishika neno hilo kama amri. Hata nilipokuwa na uchungu wa Wiliam, mkunga aliposema sukuma, mwanao anakuja, nilimjibu huku nimeuma kanga kwamba ni wa nyumba. Mkunga alicheka karibu amwangushe mtoto.

Watoto walimwita yeye Bibi, na mimi waliniita bhaabha. Kwa Kikurya bhaabha ni mama. Wageni wakisikia hushangaa kwamba Wakurya wana baba anayenyonyesha, shauri yao. Na mtoto wa Kikurya hamwiti mama yake kwa jina, hata akiwa na mvi. Kumwita mama jina lake ni kumwambia kwamba hakukuzaa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Tulimzika nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba. Aliniachia kigoda chake, na kabla hajakata kauli aliniambia, "Mokami, wewe utalala hapa ubavuni kwangu." Basi walipokuja kuandikisha vitambulisho, nikawekwa pembeni kwa kuwa nimezaliwa Kenya, sikuogopa mengine. Niliogopa kwamba siku moja nitaambiwa nirudi kwetu, ambako wazazi walishakufa na kaka zangu wametawanyika, nizikwe na watu wasionijua, mbali na ule ubavu nilioahidiwa. Nilitaka uraia ili nife hapa. Sikuwa na sababu nyingine, na sikuhitaji nyingine.

Sasa Wiliam alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake, Kisyeri, alishaanza kusema vilabuni kwamba mama yake Wiliam ni Mkenya na baba yake ni hewa. Hewa! Magige wangu aliyekaa na mimi miaka yote bila ugomvi, leo mlevi anamwita hewa.

Wiliam alikuja jioni, akala ugali wa mtama jikoni kwangu, akanawa, akasema, "Bhaabha, twende Tarime ukaombe uraia. Ukiupata, Kisyeri atafunga mdomo."

"Watanikubali?"

"Kwa miaka yote hii? Watakukubali. Ila nyumba ntobhu usiitaje kabisa. Serikali inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke. Ukianza kusema umeolewa na mtu ambaye hayupo, watakuona umechanganyikiwa. Wewe sema ulikuja kumsaidia Bibi."

"Na wakiniuliza habari za Magige?"

"Niachie mimi. Nitaitwa shahidi, nitaeleza kila kitu vizuri."

Mtoto uliyembeba mgongoni akikuambia niachie mimi, unamwachia. Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni kunifundisha maswali. Tulipitia rangi za bendera, tukapitia mikoa inayopakana na Mara, tukapitia tarehe za sikukuu. Akanikosoa na lugha yangu ya ng'ambo.

"Usiseme nyanya yako alizaliwa wapi. Huku nyanya inaungiwa mboga. Sema bibi."

"Na kwetu bibi ni mke."

"Ndiyo maana nakuambia, bhaabha! Utasema nyanya yako alizaliwa Kehancha, wakuulize mbegu yake umeitoa wapi."

Tulicheka mpaka machozi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza pia kukufundisha rangi za bendera.

Siku ya usaili nilivaa kitenge cha Bibi. Wiliam alinipakia kwenye pikipiki yake, na Mzee Simioni, mwenyekiti wa kitongoji chetu, alitufuata na bodaboda, maana naye alikuwa shahidi. Tulipofika Tarime mjini Wiliam alininunulia chai na chapati, akanikorogea sukari kwa mkono wake. Nilimwangalia akikoroga nikasema moyoni, nyumba ya Bibi Wankuru imepata mtu. Ile chai bado naisikia utamu wake, na ndiyo inayoniudhi kuliko yote.

Kwenye ofisi ya uhamiaji niliingia peke yangu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, Msukuma kwa jina la Ng'washi, sare imenyooka, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mnaona? Neno hilo nilikuwa na ruhusa ya kulitumia kwa watoto wa watu wengine.

Aliniuliza rangi za bendera. Nikamwambia kijani ni mashamba, bluu ni maji, nyeusi ni sisi wenyewe, na njano ni dhahabu, ambayo sisi wa Tarime tunaijua zaidi kwa vumbi lake. Alicheka. Akaniuliza mikoa, nikaitaja. Nilianza kuona usaili huu ni wa kitoto.

"Mama, ulikuja Tanzania kufanya nini?"

"Nilikuja kumsaidia Bibi Wankuru wa Susuni."

"Hukuolewa?"

Jina la Magige lilinifika ulimini, nikalirudisha. "Aliyenitoa kwetu ni Bibi Wankuru," nilisema. Haukuwa uongo.

"Sawa. Na watoto unao?"

Huu ndio ulimi wangu, na huu ndio ulionikata. Wiliam hakunifundisha jibu la swali hili. Hakuwa na haja. Alijua nitajibu nini, kwa sababu amenisikia nikijibu hivyo tangu akiwa anatambaa.

"Watoto ni wa nyumba," nikasema.

"Nyumba gani?"

"Ya Bibi Wankuru."

"Kwa hiyo si wako?"

Na mimi, kwa fahari, mgongo umenyooka kama Bibi alivyonifundisha, nikamjibu afisa wa serikali, "Si wangu. Mimi nimewalea tu."

Alitikisa kichwa, akaandika. Nilidhani ameandika kwamba mwanamke huyu ana adabu.

Ndipo mashahidi wakaitwa. Wiliam akaingia na shati lake jeupe, Mzee Simioni nyuma yake na kofia mkononi. Nilisogea kidogo kwenye benchi ili mwanangu akae karibu nami. Hakukaa. Alisimama.

"Huyu mama ni nani kwako?" Ng'washi akamuuliza.

"Huyu anaitwa Mokami," akasema Wiliam.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Bibi yangu alimleta kutoka Kenya asaidie kazi za nyumbani. Ndiye aliyenilea. Ni mama mzuri, afande, tunaomba asaidiwe."

"Na mama yako mzazi?"

"Marehemu. Alifariki wakati ananizaa. Aliitwa Robi, mzaliwa wa Susuni palepale."

"Pole. Na baba?"

"Magige, mtoto wa pekee wa Bibi. Naye ni marehemu. Alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu ya zamani, mwili haukupatikana."

Basi mume wangu akazaliwa na kufa mlemle ofisini, na mimi nikafa nikijifungua, yote kwa pumzi moja ya mtoto niliyemnyonyesha mpaka akaanza kuning'ata. Sikujua mtu anaweza kufa hivyo, amekaa kwenye benchi, chai ikiwa bado ya moto tumboni.

"Mzee, unathibitisha?" afisa alimgeukia Simioni.

Mzee Simioni ndiye aliyechinja dume siku nilipoletwa. Alikula nyama, alicheza, akaniambia karibu mke wetu. Sasa alizungusha kofia mikononi, akatazama dirisha, akasema, "Ndivyo, afande. Huyu kijana ni mtoto wetu kabisa."

Ng'washi akavua miwani. Alikuwa mtu wa haki, hilo nitamsemea popote. Akaniangalia mimi, si wao. "Mama, ndivyo ilivyo?"

Nilimtazama Wiliam. Alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha shati, kwa mikono ileile niliyoishika usiku kucha utotoni alipokuwa na malaria. Neno moja langu lingemmaliza. Ningesema ni wangu, angeulizwa baba, naye hana baba ila jina. Uenyekiti ungekwenda kwa Kisyeri, na Evelina huko Ringwani naye angeanza kuulizwa, yeye na watoto wake. Msiniite mpole. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuinua ile meza. Lakini ukishazaa, hata hasira yako si yako peke yako.

"Aliyosema amesema," nikajibu.

"Umemlea tangu akiwa na umri gani?"

"Tangu hajazaliwa."

Alitabasamu. Alidhani Kiswahili kimenishinda. Mzee Simioni akakohoa, na Wiliam akainamisha uso.

Afisa akanieleza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo kichwani. Kwa vile sikuolewa na raia, kwa vile sina mtoto ambaye ni raia, ombi langu haoni litakavyopita kwa sasa. Lakini sitafukuzwa. Naweza kuombewa kibali cha kuishi nchini kama mfanyakazi, mradi awepo mwajiri wa kunidhamini.

"Mwajiri wako kwa sasa ni nani, mama?"

Kabla sijafungua mdomo, Wiliam alisema, "Ni mimi, afande."

Niliingia pale nikiwa mke wa mtu na mama wa watu wawili. Nikatoka nikiwa mtumishi wa mwanangu.

Nje, karibu na pikipiki, akanishika mkono. "Bhaabha, yale ni maneno tu ya ofisini. Uchaguzi ukiisha tutarekebisha."

"Robi ni nani?"

Aliinama akaanza kufuta kiti cha pikipiki.

"Nakuuliza, Wiliam. Huyo mwanamke umemtoa wapi ukampa uchungu wangu?"

"Nimefanya kwa ajili ya nyumba," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. "Si wewe mwenyewe unayesema kila siku watoto ni wa nyumba? Leo umesema hivyohivyo mbele ya afande. Mimi nimesema uongo gani ambao wewe hukuutangulia?"

Alikuwa amelichukua neno la Bibi, neno nililolitunza kama moto wa kuazima, akanichomea nalo. Nilirudi Susuni kwenye pikipiki ya kukodi, si kwa hasira tu. Sikuweza kumshika kiunoni.

Kijijini hakuna aliyeniuliza kitu. Wote walijua. Simioni ana mdomo, na mkewe ana miwili. Kisimani walinipisha nichote kwanza, kama anavyopishwa mfiwa. Nilipika, nilikamua, nilipalilia ulezi. Jioni nilikaa kwenye kigoda nikamwambia Bibi pale migombani kwamba nimeshika neno lake mpaka mwisho na tazama limenifikisha wapi. Nilimlaumu na yeye. Nilimlaumu hata Magige.

Kisyeri aliweka pingamizi kwamba Wiliam si raia, likatupwa kwa yale yaliyoandikwa Tarime. Uchaguzi ukafanyika, na Wiliam akashinda.

Walimleta nyumbani mchana na pikipiki zikipiga honi, akina mama wakiimba, vumbi limejaa uani. Nilikuwa nawasubiri. Kwetu mtu akipewa ukubwa, kabla hajakalia kiti chake, mama yake hujaza maziwa mdomoni akampulizia kifuani mbele ya watu. Asiyepuliziwa, wazee hawamsikilizi. Watasema kama mama yake hakumpa, sisi tumpe nini. Nilikuwa nimeosha kibuyu tangu asubuhi, nimekifukiza moshi vizuri, nimekijaza maziwa. Mkono ulifanya kazi yake bila kuniuliza.

Wiliam alipiga magoti mlangoni kwangu, akafungua vifungo vya shati. Nyimbo zikanyamaza. Mzee Simioni alikuwa mbele na fimbo yake, na nyuma kabisa nilimwona Kisyeri amesimama na watu wake.

"Bhaabha," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "nipulizie."

Nilikishika kile kibuyu kifuani. Niliangalia utosi wake, ule ambao niliukanda kwa mafuta ulipokuwa laini. Nilimpenda, Mungu anajua. Hilo ndilo lililonipa sauti.

"Mama yako alifariki akikuzaa," nikasema. "Ulisema wewe, na Mzee Simioni akathibitisha. Nionyeshe kaburi lake, mwenyekiti. Nitakubebea maziwa mpaka pale."

Mtoto mchanga wa mtu alilia akanyamazishwa. Simioni alitazama fimbo yake. Wiliam aliinua uso, akashika pindo la kitenge changu.

"Usinifanyie hivi," alinong'ona. "Mbele ya watu."

"Na mimi ulinifanyia mbele ya nani?"

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda cha Bibi. Nilikunywa yale maziwa mwenyewe. Ng'ombe ni za nyumba, lakini nilikamua mimi.

Nje walikuwa bado wamesimama. Nilisikia miguu ikisogea, mtu akikohoa. Kisha sauti yake, karibu kabisa na ubao wa mlango.

"Bhaabha."

Sikuitika.

"Bhaabha, tafadhali. Watu wanasubiri."

Sikuitika. Nilifuta mdomo kwa ncha ya kitenge nikasubiri, maana nilijua limebaki jina moja la kuniita, na nilimwomba Mungu asilitamke. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo:

"Mokami."

"Abee, bosi," nikamwitikia.